Mla mimea akifika Addis Ababa

Wakenya wengi hufunga safari kwenda Addis Ababa. Wengine huenda kuhudhuria mikutano katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, wengine huenda kwa biashara, na wengine hulala huko usiku mmoja tu wakingojea ndege ya kuwapeleka mbali zaidi. Miongoni mwao wamo watu ambao wameacha kabisa kula nyama, samaki, mayai na maziwa. Baadhi yao wamefanya hivyo kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari au jongo; wengine kwa ajili ya imani au kwa kuwahurumia wanyama. Mtu wa aina hii akiwa kwake hana taabu, kwa kuwa jiko ni lake. Taabu huanza anapokuwa mgeni na kuketi mezani mbele ya orodha ya vyakula asivyovijua.

Habari njema ni kwamba Addis Ababa ni miongoni mwa miji inayomfaa sana mtu kama huyo. Hata hivyo, mlo wa mji huo una siri moja ambayo mgeni akikosa kuifahamu aweza kurudi nyumbani na mazoea yatakayomletea maradhi ya mishipa ya fahamu baada ya miaka michache. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuagiza mlo huo, faida zake, na siri yenyewe.

Mla mboga na mla mimea tupu

Kwanza tutofautishe watu wawili ambao aghalabu huchanganywa. Mla mboga wa kawaida hali nyama wala samaki, lakini hunywa maziwa, hula jibini na samli, na wengine hula mayai. Mla mimea tupu hali chochote kilichotokana na mnyama, hata asali. Jina la Kiingereza la mtu huyu wa pili, "vegan", lilibuniwa mwaka wa 1944 nchini Uingereza na Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao.

Jina ni jipya, lakini ulaji wenyewe si mpya. Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia wamekuwa wakila mlo wa mimea tupu kwa karne nyingi, si kwa maisha yao yote, bali katika siku za mfungo. Mfungo huo kwa Kiamhara huitwa "tsom". Anayefunga hali nyama, maziwa, siagi, samli wala mayai, na walio imara katika dini hawatii kitu kinywani hadi alasiri.

Siku hizo si chache. Kila Jumatano na Ijumaa ni mfungo, isipokuwa katika siku 50 zinazofuata Pasaka. Kabla ya Pasaka kuna mfungo mkubwa wa siku 55. Upo mwingine kabla ya Krismasi yao, ambayo huangukia Januari 7, na mwingine wa siku 15 mwezi wa Agosti. Muumini wa kawaida, ukijumlisha zote, hufunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo, karibu kila mkahawa wa Kihabeshi, uwe wa kifahari au wa kando ya barabara, una wapishi wanaojua kupika bila kitu cha mnyama. Katika mfungo mkubwa biashara ya nyama hupoa, na hata maduka ya keki huoka keki zisizotiwa maziwa wala mayai. Mgeni hahitaji kutafuta mkahawa maalumu, ijapokuwa mikahawa ya namna hiyo nayo imefunguliwa mjini humo.

Kilichomo katika sinia

Mgeni akitaka mlo huu na auulize hivi: "Ye tsom megib alle?" Maana yake ni, "Je, chakula cha mfungo kipo?" Akitaka kuonja vingi kwa pamoja aagize "beyaynetu" ya mfungo, yaani mchanganyiko. Ataletewa sinia pana iliyotandikwa injera, na juu yake mafungu madogo madogo ya mchuzi mzito na mboga. Huliwa kwa mkono wa kulia, kwa kumega injera na kuchotea mchuzi. Watu wa meza moja hula sinia moja, kwa hiyo kunawa mikono vizuri si adabu tu bali ni kinga.

Tukichunguza sinia hiyo kwa jicho la lishe, tutaona imepangwa vyema.

Injera ndiyo inayoleta wanga, yaani chakula cha kutia nguvu. Hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka yenye punje ndogo mno, ambao hukorogwa na kuachwa uchache kwa siku mbili tatu kabla ya kumiminwa juu ya kikaango. Uchachu huo una kazi. Nafaka na kunde huwa na asidi iitwayo fitiki ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini. Unga unapochacha, sehemu ya asidi hiyo huvunjwa, na madini huachiliwa. Ndiyo sababu mama zetu nao huchachusha uji wa wimbi na wa mtama.

Kunde ndizo zinazojenga mwili. Humo utakuta "misir wot", ambayo ni kamande nyekundu zilizopikwa kwa vitunguu vingi na pilipili iitwayo berbere. "Kik alicha", ambayo ni njegere kavu zilizopasuliwa na kutiwa bizari ya manjano bila ukali. Na "shiro", mchuzi laini wa unga wa dengu au njegere. Protini ya nafaka ina upungufu wa kiungo kimoja kiitwacho laisini, ambacho kunde zinacho kwa wingi. Kunde nazo zina upungufu wa kiungo kingine ambacho nafaka inacho. Vikiliwa vyote viwili, kila kimoja hukamilisha mwenzake. Hii ndiyo hekima iliyomo katika githeri yetu ya mahindi na maharagwe.

Mboga ndizo zinazolinda. "Gomen" ni majani yanayofanana sana na sukuma wiki. "Tikil gomen" ni kabichi iliyopikwa na karoti na viazi. Kando yake kwa kawaida kuna kachumbari ya nyanya na pilipili mbichi.

Mwenye shinikizo la damu au mafuta mengi katika damu hupata hapa kile ambacho daktari humwambia kila siku: ufumwele mwingi na mafuta machache ya wanyama. Mwenye jongo naye asiogope kamande na dengu. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba nyama na vyakula vya baharini ndivyo vinavyoongeza hatari ya ugonjwa huo, wala si kunde.

Lakini tusiisifu sinia kupita kiasi. Kwa kuwa samli hairuhusiwi siku za mfungo, wapishi wengi humimina mafuta ya kupikia kwa ukarimu. Chumvi nayo huwa nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Injera pia, pamoja na wema wake wote, ni wanga, na desturi ya Kihabeshi ni kumwongezea mgeni kila inapopungua. Mwenye kisukari aamue mapema atakula kiasi gani, kisha aukatae kwa upole ukarimu unaozidi hapo.

Maswali ya kumwuliza mhudumu

Siku ya mfungo mambo ni rahisi. Siku nyingine, kama Jumanne au Jumamosi, chakula kile kile chaweza kupikwa kwa samli ya viungo, na jina lake lisibadilike. Katika zile siku 50 baada ya Pasaka ndipo uangalifu mkubwa unapohitajika, kwa kuwa hata Jumatano na Ijumaa watu hula nyama. Yafaa mgeni ajifunze maneno machache ya Kiamhara: "siga" ni nyama, "asa" ni samaki, "inkulal" ni mayai, "wetet" ni maziwa, "kibe" ni siagi au samli, na "ayib" ni jibini laini. Kisha aulize haya:

1. Je, kuna samli ndani yake? Shiro na gomen ndizo zinazopaswa kuulizwa kwanza. Jibu likiwa la kusitasita, sisitiza kwamba unataka "ye tsom".

2. Je, kuna nyama ndani yake? Ipo shiro iitwayo "bozena" ambayo hutiwa vipande vidogo vya nyama. Kwa macho ni vigumu kuitambua.

3. Je, kuna samaki? Mikahawa mingi huuza samaki siku za mfungo, kwa hiyo neno "tsom" peke yake halimwondoi samaki kila mahali.

4. Je, staftahi imetiwa nini? "Ful", yaani maharagwe mapana yaliyopondwa, ni chakula kizuri cha asubuhi, lakini mara nyingi juu yake hutiwa samli, yai au mtindi. "Firfir" ya mfungo, ambayo ni vipande vya injera vilivyochanganywa na mchuzi wa pilipili, ni salama zaidi.

5. Je, kinywaji kimetengenezwa kwa nini? Tej ni pombe ya asali, hivyo asiyekula asali haimfai. Kahawa ya huko ikinywewa kavu haina shida.

Mgeni wa Kenya ana jambo moja la kumfariji. Wahabeshi huhesabu saa kama Waswahili. Ukiambiwa chakula cha mfungo kitakuwa tayari saa saba mchana, ni saa saba ile ile unayoijua.

Kile ambacho sinia haina

Sasa tuje kwenye siri tuliyoitaja. Mtu aweza kusema, "Ikiwa Wahabeshi wameishi kwa mlo huu kwa karne nyingi, mimi nami nikiula mwaka mzima nitadhurika vipi?" Swali hili lina kasoro moja. Wahabeshi hawali mlo huu mwaka mzima. Mfungo unapoisha, hula nyama, kuku, mayai, siagi na maziwa. Siku hizo za kufungua ndizo zinazowarudishia kitu ambacho mimea haiwezi kuwapa, nacho ni vitamini B12.

Vitamini hii, iliyotambuliwa na kutengwa na wanasayansi mwaka wa 1948, haitengenezwi na mmea wala na mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe huipata kutoka kwa bakteria walio tumboni mwake, na sisi huipata tukila nyama yake au kunywa maziwa yake. Sukuma wiki, kamande, tefu, uyoga na nazi haviwezi kutegemewa kuileta. Hata spirulina, ile inayouzwa kwa sifa nyingi, ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia.

Mwili huhitaji kidogo sana. Kipimo kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, uzito ambao haufikii punje moja ya chumvi. Tena ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyeacha vyakula vya wanyama hujiona ana afya tele mwaka wa kwanza na wa pili, akaamini kwamba mlo wake umekamilika. Akiba inapokwisha, dalili huja polepole: uchovu, ulimi unaouma, ganzi na kuchomachoma katika vidole vya miguu na mikono, kuyumba anapotembea gizani, na usahaulifu.

Jambo linalozidisha hatari ni kwamba mboga za majani na kunde zina vitamini nyingine iitwayo foleti, ambayo yaweza kuuficha upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa B12. Damu ikipimwa kwa kipimo cha kawaida yaweza kuonekana nzuri, kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Ikicheleweshwa mno, madhara mengine hayaponi hata baada ya matibabu.

Mgonjwa wa kisukari asome hapa kwa makini. Metformini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kupunguza uwezo wa mwili wa kufyonza B12. Mgonjwa anayemeza dawa hii na papo hapo ameacha nyama na maziwa ana sababu mbili za kuishiwa. Isitoshe, ganzi ya miguu ni dalili ya kisukari pia. Ni rahisi ganzi hiyo ihesabiwe kuwa ni kisukari kimezidi, huku chanzo halisi kikiwa ukosefu wa vitamini ambayo kidonge kingeileta. Asiiache dawa yake. Amweleze daktari jinsi anavyokula na kumwomba apime kiwango cha B12 katika damu.

Mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye hali kitu cha mnyama naye asingoje dalili. Mtoto wake hana akiba kubwa ya kutegemea, na watoto wachanga walionyonyeshwa na mama waliokosa vitamini hii wamewahi kudhoofika na kuchelewa kukua. Ni lazima aonane na daktari au mtaalamu wa lishe mapema.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi. Ni vidonge vya B12 vinavyouzwa katika maduka ya dawa, kwa kiasi atakachoeleza daktari, au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo kiwandani, kama vile aina fulani za maziwa ya soya na nafaka za staftahi. Soma pakiti uone kama B12 imetajwa.

Chai baada ya chakula

Kosa jingine la Wakenya wanaokula mimea tupu ni kikombe cha chai kinachofuata chakula. Madini ya chuma yaliyo katika kunde na mboga hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama. Majani ya chai yana tanini, kitu ambacho huyazuia zaidi, na kahawa nayo huyazuia. Chai ikinywewa bila maziwa haibadiliki katika jambo hili. Ni heri kungoja kama saa moja baada ya kula. Kwa upande mwingine, vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia mwilini. Kamua ndimu juu ya kamande, kula kachumbari ya nyanya, au maliza mlo kwa chungwa au papai.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula awapo safarini. Vitamini K iliyo katika mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si kwamba aziache, bali ale kiasi kisichobadilikabadilika, na amjulishe daktari kabla ya kugeuza mlo.

Usafi ni ule ule

Wako wanaofikiri kwamba asiyekula nyama hawezi kupatwa na maradhi ya tumbo. Hilo si kweli. Homa ya matumbo na kipindupindu huenezwa pia na mboga mbichi zilizooshwa kwa maji machafu na na mikono isiyonawiwa. Mgeni achague chakula kinachofika mezani kikiwa moto. Shiro inayoletwa ikitokota katika chungu kidogo ni salama kuliko kachumbari iliyokaa juu ya meza tangu asubuhi. Anywe maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na barafu aiache.

Ukirudi Nairobi

Anayependa mlo huu si lazima apande ndege. Nairobi kuna mikahawa ya Kihabeshi, na maswali tuliyoyataja hutumika humo pia. Kuna vilevile mikahawa ya Kihindi isiyopika nyama, hasa upande wa Parklands na Ngara. Humo kumbuka tofauti tuliyoanza nayo: Mhindi asiyekula nyama kwa kawaida hunywa maziwa. Dali yaweza kukaangwa kwa samli, chapati ikapakwa samli, na mchuzi wa mchicha ukawa na paniri, ambayo ni jibini. Omba mafuta ya mimea badala ya samli, na uulize kuhusu mtindi.

Katika hoteli zetu za kawaida githeri, ndengu, maharagwe, mukimo na sukuma wiki vyote vyafaa, lakini uliza vimeungwa kwa nini. Mapishi mengine hutumia mafuta ya ng'ombe au vidonge vya ladha ya nyama. Mboga za kienyeji kama managu na mrenda mara nyingi hutiwa maziwa, na wengi hawalihesabu hilo kuwa ni jambo la kutaja. Chipsi nazo huenda zimekaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa kuku. Pwani, mbaazi za nazi na maharagwe ya nazi ni milo mizuri isiyo na kitu cha mnyama, ijapokuwa tui zito lina mafuta mengi, na mwenye matatizo ya moyo asile kila siku.

Mambo ya kukumbuka

Katika kila mlo hakikisha umepata nafaka, kunde, mboga za majani na tunda. Neno "mboga" halina maana ya "bila maziwa". Uliza samli, maziwa, mayai na samaki kwa majina yao. Ngojea saa moja kabla ya kunywa chai au kahawa.

Tena, ikiwa umeazimia kula mimea tupu siku zote, na si katika siku za mfungo tu, tafuta B12 nje ya sahani, iwe kwa kidonge au kwa chakula kilichoongezwa. Ikiwa mwaka umepita tangu uache vyakula vya wanyama na hujapata vitamini hiyo kwa njia yoyote, nenda ukapimwe wiki hii, hata kama hujisikii mgonjwa.